Naomba ushauri: dashibodi inasema matangazo yanalipa, mbona hela siioni?

Kitambaa Laini
Wakuu, salaam. Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu, leo yamenifika nikaona nijiunge.

Nina biashara ndogo ya nguo za watoto, nauza zaidi mtandaoni. Niliamua kuacha kubahatisha, biashara iende kwa data. Nikaunganisha tovuti na Google Analytics, zana ya kuhesabu wanaoitembelea, nikafungua akaunti za matangazo kwenye majukwaa mawili, nikajifunza kusoma dashibodi, ule ukurasa wenye namba na michoro ya matangazo na mauzo. Na mambo yakaenda. Kwa kila 100 ninayotia kwenye matangazo, inaonyesha mauzo ya 400. Oda zimeongezeka, wanaotembelea tovuti wameongezeka, kila mstari unapanda.

Tatizo ni kwamba ukifika wakati wa kuagiza mzigo mpya, akaunti haina kitu. Nahisi kuna mahali sichambui vya kutosha. Ninunue programu ya kulipia ya uchambuzi wa data, au niajiri mchambuzi wa muda? Naomba majibu kabla ya Jumatatu, kuna uamuzi nataka kuufanya.

Bwana Risiti
Kabla hujanunua chochote: hiyo 400 ni mauzo au faida?

Kitambaa Laini
Mauzo, mkuu. Faida dashibodi haionyeshi, ila lazima itakuwepo. Mauzo ni mara nne ya nilichotoa.

Kipanga
Mimi nauza vipuri vya baiskeli na sijawahi kulipia programu yoyote. Kilichonitoa ni kile kisanduku cha kutafuta kilicho juu ya tovuti. Siku moja nikafungua orodha ya maneno wanayoandika wateja humo. Kumbe watu wanatafuta mirija ya saizi ambayo sikuwa nayo kabisa, wanatoka mikono mitupu, na mimi huku nimehangaika kubadilisha rangi za matangazo. Niliagiza ile mirija, ikaisha yote. Angalia kisanduku chako, kaka, watu wanakuandikia wanachotaka bila kuulizwa.

Mama Kaunta
Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Vijana mmeacha daftari mnakimbilia michoro. Mwanangu, daftari unalo? Analishika nani?

Kitambaa Laini
Kipanga, ahsante, nitaangalia. Mama, daftari lipo, analishika mke wangu. Ila yeye anaandika kwa mkono na namba zake hazilingani na za dashibodi, ndiyo maana nimeegemea dashibodi. Mashine haisahau.

Mwana wa Hesabu
Mashine haisahau ulichoipa. Usichoipa haikijui. Nijibu matatu: mzigo unakugharimu asilimia ngapi ya bei ya kuuzia? Kuna punguzo lolote? Oda zinazorudishwa unaziondoa wapi?

Kitambaa Laini
Mzigo ni kama asilimia 60. Zinazorudi zipo, za kawaida tu, mke wangu ndiye anazipokea. Punguzo sidhani kama linahusika hapa, hiyo ni mbinu ya kuvuta wateja.

Mwana wa Hesabu
Ni asilimia ngapi, mkuu?

Kitambaa Laini
20. Kuponi.

Mwana wa Hesabu
Basi chukua kalamu. Mzigo ambao kwa bei kamili ungeuza 500, unautoa kwa 400. Ulikugharimu asilimia 60 ya bei kamili, yaani 300, na kuponi haikuishusha gharama hiyo hata kidogo. 400 toa 300, imebaki 100. Hiyo 100 ndiyo uliyoilipa kwenye matangazo. Umebaki na sifuri, na bado hujalipa usafirishaji, makato ya malipo, vifungashio, wala nguo zilizorudi. Bila kuponi ungebakiwa na 200 kabla ya matangazo. Yaani asilimia 20 ya bei imeondoka na nusu ya faida ghafi yako, ile inayobaki ukitoa gharama ya mzigo kwenye mauzo.

Kwa biashara yako mara nne ni kurudisha mtaji tu, chini ya hapo ni hasara. Mwingine ambaye faida yake ghafi ni nusu ya mauzo, anarudisha mtaji akifika mara mbili. Kwa hiyo mtu akikusifia marejesho ya matangazo, yaani mauzo ni mara ngapi ya ulichotoa, bila kukuuliza mzigo unakugharimu kiasi gani, hajakusaidia chochote.

Kitambaa Laini
Nimekuelewa, lakini nadhani umeangalia oda ya kwanza tu. Mteja mpya anakuja kwa kuponi, akipenda nguo anarudi kwa bei kamili. Mtoto anakua, kila baada ya miezi anahitaji nguo nyingine. Huwezi kupima mteja kwa siku moja.

Mwana wa Hesabu
Hoja hiyo ni nzuri na inapimika. Panga wateja kwa mwezi walioagiza mara ya kwanza, kila mwezi kundi lake. Kisha ufuate kila kundi: wangapi walirudi mwezi wa pili, wa tatu, wa nne, na wangapi kati yao walilipa bei kamili. Lahajedwali kama Excel inatosha, hakuna haja ya programu ya kulipia. Kuponi inakwenda kwa wapya peke yao?

Kitambaa Laini
Hapana, naituma kwa wote kila mwisho wa mwezi. Oda hupanda sana siku hizo.

Bwana Risiti
Katikati ya mwezi je?

Kitambaa Laini
Hushuka.

Bwana Risiti
Basi wateja wako wameshaijua ratiba. Wananunua kilekile ambacho wangenunua, wanasubiri tu tarehe.

Kipanga
Hili limenikumbusha bosi wangu wa zamani aliyekuwa anashusha bei kila Ijumaa. Alhamisi tulikuwa tunafagia tu.

Mwana wa Hesabu
Kuna jingine. Chukua mwezi mmoja, jumlisha oda ambazo jukwaa la kwanza linadai limeleta na zile za jukwaa la pili. Zilinganishe na oda halisi ulizofungasha.

Kitambaa Laini
Nimefanya sasa hivi. Yote mawili kwa pamoja yanadai oda nyingi kuliko nilizouza, zimezidi karibu theluthi. Inawezekanaje?

Mwana wa Hesabu
Kila jukwaa linajihesabia lenyewe. Kwa mpangilio wa kawaida wa matangazo ya Meta, wenye Facebook na Instagram, mtu akibofya tangazo kisha akanunua ndani ya siku 7, oda ni ya tangazo. Akiliona tu bila kubofya na akanunua ndani ya siku 1, nayo ni ya tangazo. Mama mmoja anaweza kuona tangazo huku na kubofya jingine kule, akanunua gauni moja, likahesabiwa mara mbili. Ongeza na Apple: tangu Aprili 2021 simu zake zinamuuliza mtumiaji kwanza kama anakubali programu imfuatilie. Wengi wakikataa, majukwaa yanajaza pengo kwa makadirio. Unachosoma kwenye dashibodi kwa sehemu ni hesabu, kwa sehemu ni kisio.

Na wanaolengwa na matangazo yako ni nani hasa?

Kitambaa Laini
Zaidi waliokwisha kutembelea tovuti, na wanaotafuta jina la duka. Hao ndio wanaonunua kwa wingi, ndiyo maana nimeelekeza bajeti kwao.

Mwana wa Hesabu
Anayeandika jina la duka lako kwenye kisanduku cha Google alishakuwa njiani anakuja kwako. Unamlipia nauli ya safari aliyokwisha kuianza.

Hili halihitaji imani, lilijaribiwa. eBay, soko la mtandaoni, walizima matangazo ya kulipia kwenye utafutaji wa jina lao wenyewe, na karibu wageni wote wakaingia kupitia matokeo ya kawaida yasiyolipiwa. Watafiti Thomas Blake, Chris Nosko na Steven Tadelis walichapisha kazi hiyo 2015. Kwa matangazo ya maneno ya utafutaji yasiyo na jina lao walikuta kwamba wapya na wanaonunua kwa nadra tangazo liliwasogeza, lakini fedha nyingi ilikuwa ikiwaendea wazoefu ambao wangenunua vilevile. eBay inajulikana dunia nzima na wewe ni mdogo, usiige matokeo yao. Iga jaribio. Gawa maeneo unakopeleka mizigo mafungu mawili yanayofanana kwa mauzo, zima matangazo kwenye fungu moja kwa wiki kadhaa, linganisha oda halisi. Ukiwa na oda chache, tofauti ndogo inaweza kuwa bahati tu, kwa hiyo usiamue kwa wiki moja.

Mama Kaunta
Mwanangu, Jumatatu kuna nini?

Bwana Risiti
Mimi pia nimeliona hilo. Umeulizwa mengi na hilo hujaligusa.

Kitambaa Laini
Sawa. Nimesaini mkopo wa biashara. Fedha zinaingia Jumatatu. Mpango ni kuongeza bajeti ya matangazo mara tatu kabla ya msimu wa shule kufunguliwa, kwa sababu kama 100 inaleta 400, basi 300 italeta 1,200. Programu au mchambuzi nilitaka kumlipa kwa fedha hizohizo.

Kabla hamjanirukia: biashara ni kuthubutu. Hakuna aliyekua kwa kukaa anahesabu. Na riba si kubwa kihivyo.

Bwana Risiti
Mkeo anajua?

Kitambaa Laini
Nilipanga kumwambia matokeo yakianza kuonekana. Yeye ni mwoga wa mikopo.

Mama Kaunta
Mwenye daftari ndiye uliyemficha. Mnakula pamoja, mnafunga mizigo pamoja, deni umeliweka mfukoni peke yako. Biashara ikiyumba atalipa nani? Hapo hata data haina la kusema, ni suala la uaminifu.

Mwana wa Hesabu
Na 300 haileti 1,200. Wanaolijua jina lako wana idadi. Ukishawafikia wote, kila nyongeza inakwenda kwa mtu wa mbali zaidi, na kumgeuza kuwa mnunuzi ni ghali zaidi. Ile 400 ni wastani wa fedha zote ulizotumia hadi sasa. Unachopaswa kujua kabla ya kukopa ni 100 ya mwisho ilileta nini.

Jicho Kavu
Nimesoma mwanzo hadi hapa na naona tunapewa chai. Akaunti imefunguliwa leo. Namba zinagawanyika vizuri mno: 100, 300, 400, 500. Kila akiulizwa anatoa jibu linalomfungulia mlango Mwana wa Hesabu, na Mwana wa Hesabu yuko tayari na somo. Swali la kwanza lilikuwa "programu au mchambuzi". Subirini, kesho itatupwa kiungo cha kampuni hapa.

Kipanga
Duh. Hata mimi nimeanza kutilia shaka. Huo mkopo umetokea kama sehemu ya pili ya tamthilia.

Mwana wa Hesabu
Hizo 300 na 500 ni za mfano wangu, nilizitoa kwenye 400 yake ili hesabu ifuatike. Sina kampuni wala kiungo, na nimeshamwambia hakuna haja ya programu.

Kitambaa Laini
Jicho Kavu, nimejiunga leo kwa sababu sina usingizi. Mnataka namba halisi? Mzigo ni asilimia 58 kwa nguo nyingi, 63 kwa magauni. Kuponi ni 20 kamili. Marejesho ya matangazo mwezi uliopita yalikuwa mara 3.8, nikaandika 400 kwa urahisi.

Nimelichukua daftari la mke wangu. Nanakili kurasa ya wiki iliyopita kama ilivyo, nimeondoa majina:

Gauni la njano, miaka 4. Limerudi, dogo.
Suruali ya kaki, miaka 6. Imelipwa.
Gauni la njano, miaka 3. Limerudi, dogo.
Sweta, miaka 2. Imelipwa, kuponi.
Gauni la njano, miaka 5. Limerudi, dogo, nauli juu yetu.
Gauni la njano, miaka 4. Limelipwa, kuponi.

Yaliyorudi ameyaandika kwa kalamu nyekundu.

Bwana Risiti
Na kwenye dashibodi tangazo gani linaongoza?

Kitambaa Laini
La gauni la njano. Ndilo nililotaka kuliongezea fedha nyingi Jumatatu.

Mwana wa Hesabu
Dashibodi ilihesabu mauzo pale mteja alipolipa. Gauni liliporudi hakuna aliyeiambia. Daftari liliambiwa. Chukua namba ya oda, unganisha hayo mawili kwenye lahajedwali moja: tangazo lililomleta, bei aliyolipa, gharama ya mzigo, nauli, imerudi au la, mteja mpya au wa zamani. Safu hizo zitakwambia mengi kuliko programu yoyote uliyotaka kuinunua. Na kwa kuwa kiungo cha tangazo alichobofya mteja hakisemi kila kitu, kila mteja mpya muulize "ulitujuaje?" wakati wa kuthibitisha oda.

Jicho Kavu
Bado sijaridhika, ila hiyo kurasa mtunzi asingeijua. Nauliza moja: wapya ni wangapi kati ya oda za mwezi uliopita?

Kitambaa Laini
Kwa majina niliyopitia, wapya hawafiki robo. Wengi ni walewale wa kuponi.

Mkopo bado naona una kazi. Msimu wa shule upo kweli na sare za shule hazirudi. Mkataba unaruhusu kuchukua sehemu tu ya fedha, nimeusoma upya usiku huu. Nawaza nichukue sehemu ndogo, iende kwenye mzigo wa sare, matangazo yabaki yalivyo mpaka jaribio la maeneo liishe.

Mama Kaunta
Na mkeo?

Kitambaa Laini
Amesoma uzi wote, mama. Amekasirika kuhusu mkopo na ana haki, bado tunazungumza. Kuhusu biashara amesema tangazo la gauni la njano lizimwe leo, maana mtoto aliye kwenye picha ana miaka miwili na gauni limekatwa kwa vipimo vidogo. Alishawahi kuniambia.

Kipanga
Mkilirudisha, wekeni urefu na kifua kwa sentimita chini ya picha badala ya miaka peke yake. Halafu andikeni tarehe mliyobadilisha, ili mtenganishe yaliyorudi kabla na yaliyorudi baada.