Mada tatu, siku chache: nisome vipi kabla ya chemsha bongo ya Jumamosi?

Dada_Nyalenda: Habari za jioni, wadau. Jumamosi kuna fainali ya chemsha bongo ya mitaa hapa Kisumu, nami nimo pamoja na mwenzangu. Naomba msaada wa haraka kwa mambo matatu: safari za binadamu angani, Ubuddha wa siku hizi, na idadi ya watu duniani. Zawadi ni karo. Mwenzangu ni mwendesha boda wa Kondele ambaye ameahirisha chuo kwa kukosa hiyo karo. Usingizi hauji. Nianzie wapi?

Mwalimu_Ahero: Anza angani. Mtu wa kwanza ni Yuri Gagarin wa Urusi ya Kisovieti: 12 Aprili 1961, alizunguka dunia mara moja. Kuruka hadi kutua, dakika 108. Mwanamke wa kwanza ni Valentina Tereshkova, 1963. Waliokanyaga mwezi ni 12, kuanzia Julai 1969 hadi Desemba 1972. Wengi hujikwaa kwa Michael Collins: alisafiri na Armstrong na Aldrin, wawili wa kwanza kuukanyaga, lakini hakushuka, alibaki akiuzunguka mwezi peke yake.

Mzee_wa_Nandi: Mwaka huo wa 1969 nilikuwa mtoto kambini, kwenye majani chai. Karani alikuwa na redio, tukajazana mlangoni pake. Nyanya yangu alitoka usiku akautazama mwezi kwa muda mrefu, akasema haoni mtu, akaingia kulala. Hadi anafariki hakukubali. Siku hizi vijana mnataka kutafuniwa kila kitu. Soma vitabu, binti yangu.

Section58_Nakuru: Dada, mada umezijuaje? Maarifa ya jumla ni ya jumla.

Dada_Nyalenda: Tunabahatisha tu.

Section58_Nakuru: Mtu abahatishe Ubuddha, Kisumu?

Dada_Nyalenda: Haya. Mtunga maswali ni binamu yangu. Alizitaja tukila kwa shangazi, na hakunipa swali hata moja. Mada si maswali. Tena nimeshamwambia mwenzangu, na ameacha kubeba abiria wa jioni ili asome. Sasa nimwambie asahau alichosikia?

Omwami_Kakamega: Hayo ya binamu mtayamaliza nyumbani. Mimi napenda hesabu ya watu. Binadamu walifika bilioni 1 karibu na 1804. Bilioni 7 ni 2011, bilioni 8 ni 15 Novemba 2022 kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa. Sababu kubwa ni vifo vya watoto kupungua kabla uzazi haujapungua. India iliipita Uchina 2023. Akijibu Uchina kwa mazoea, pointi imeenda. Kenya, sensa ya 2019: 47,564,296.

Mama_Pendo_Busia: Mimi nasikitika. Karo ya kupatikana hivyo italeta baraka gani? Kuna timu zinasoma gizani bila binamu.

Dada_Nyalenda: Mama, heshima zako. Lakini kuna timu zina walimu wa chuo. Sisi tuna simu moja yenye kioo kilichopasuka. Hilo halimsikitishi mtu.

Kijana_Kondele: Huu uzi umetungwa! Mwezi, Buddha na sensa kwenye meza moja? Huyu ana kazi ya darasani anataka tumfanyie. Napajua Kondele, sijasikia fainali yoyote.

Mwalimu_Ahero: Hata kama umetungwa, mada zinakutana. Ellison Onizuka, mwanaanga wa Marekani aliyefariki chombo cha Challenger kilipovunjika angani 28 Januari 1986, alikuwa Mbuddha. Na kwa Ubuddha wa siku hizi, msikimbilie Dalai Lama, kiongozi wa Wabuddha wa Tibet, peke yake, ingawa mjue alikimbilia India 1959 na kupata Nobel ya amani 1989. Mshikeni B. R. Ambedkar. Alizaliwa katika tabaka lililoitwa najisi, akaongoza kamati iliyoandaa katiba ya India, na tarehe 14 Oktoba 1956, huko Nagpur, akaingia Ubuddha pamoja na maelfu kwa maelfu ya watu wake. Alifariki Desemba hiyo hiyo. Huyo mtu sichoki kumfundisha. Dini ilikuwa njia yao ya kukataa kudharauliwa.

Kijana_Kondele: Mwalimu, unalishwa hadithi na unashukuru.

Timu_Milimani: Haijatungwa. Fainali ipo, na sisi ndio tunakutana nao. Mada hatukupewa, ila tangu jana tunazisoma humu humu, kwa hiyo sasa ni za wote. Dada, swali langu ni moja: binamu yako ndiye atakayesahihisha pia? Kesho asubuhi namuuliza mratibu.

Section58_Nakuru: Hapo sasa ndipo penye swali. Muulize pia kama maswali yanaweza kutungwa upya na mtu mwingine.

Dada_Nyalenda: Muulizeni yote mawili. Hasahihishi, majaji ni wengine, na yakitungwa upya tutakuja vile vile. Mwenzangu ndiye mwenye simu usiku huu. Amefika kwa Ambedkar, anauliza ile tabaka iliitwaje, na sitamwambia aache.

Mwalimu_Ahero: Mahar. Mwambie aandike.