Wewe uliyechomoa oksijeni ya mtoto uchaji simu, wodi nzima tunakujua

Nyigu_Mkali

Wakuu, naandika vidole vinatetemeka, msianze kunisahihisha herufi.

Simtaji. Hakuna haja. Aliyepita wodi ya watoto wiki hii anamjua: baba mwenye simu mbili, manukato yake yanaingia wodini dakika tatu kabla yake, na saa ya kuona wagonjwa ikiisha hatoki mpaka mlinzi amfuate mara tatu. Leo saa kumi na moja jioni kachomoa plagi ya mashine ya oksijeni. Ya mtoto wa watu. Mwenye nimonia. Kachomeka chaja. Kuulizwa, anajibu: "Dakika tano tu, niko asilimia mbili."

Asilimia mbili!

Kwa wasiojua: lile dude la magurudumu linalonguruma usiku kucha siyo mtungi. Ndani halina akiba yoyote. Linavuta hewa hiihii ya wodini, linachuja naitrojeni, linatoa oksijeni. Ukichomoa tu, kile kigololi kinachoelea kwenye kipimo cha lita kinadondoka chini, mtoto anabaki na mpira wa bure puani. Na ukirudisha umeme haliamki na nguvu zake zote, linataka dakika kadhaa lipande. Kwa hiyo hizo dakika tano zako bwana mkubwa, jumlisha na hizo.

Mtoto wa miezi 9 anapewa lita 1 hadi 2 kwa dakika na ndiyo anaishi hapohapo. Kibano cha kidoleni, kile kinachopima oksijeni kwenye damu, kikisoma chini ya asilimia 90 ni kumkimbilia sista. Leo kilisoma 83. Wewe ukasoma asilimia mbili.

Na soketi ya simu ipo! Nyuma ya meza ya sista, imeandikwa KUCHAJI SIMU kwa maka peni nyekundu, hata asiyejua kusoma angehisi kitu. Dakika tano tu. Jamani. Dakika tano tu!

Kandambili_Moja

Ngoja nivute kigoda. Picha ya chaja iko wapi?

Mzee_wa_Plagi

Tuweke sawa kitaalamu. Mashine ya kutoa lita 5 kwa dakika inakula kama wati 350. Chaja ya simu, hata ile ya kasi, ni makumi machache ya wati. Hapo tatizo ni ubinafsi, umeme unatosha.

Mchawi wenu wa umeme ni birika la kuchemshia maji ya uji. Lile ni wati 1,500 hadi 2,000. Mnalichomeka kwenye ekstensheni ya bei rahisi pamoja na mashine ya oksijeni, plagi inayeyuka shingoni au breka inadondoka, upande mzima wa wodi unazima. Mashine ya oksijeni inachomekwa ukutani moja kwa moja, na inakaa mbali kidogo na ukuta na pazia ipate hewa ya kuvuta. Halafu kuna kisponji nyuma cha kuzuia vumbi. Kinatolewa kila wiki, kinaoshwa kwa maji ya sabuni, kinakaushwa kabisa ndipo kinarudi. Nendeni mkakiangalie cha hapo kwenu, naamini kimeota manyoya.

Swali kwa mleta uzi: alamu ililia?

Nyigu_Mkali

Haikulia mzee! Kimya! Yeye na asilimia mbili zake!

Mzee_wa_Plagi

Basi hiyo kesi ni kubwa kuliko huyo baba. Mashine nyingi zina mlio wa umeme kukatika, ila mlio wenyewe unategemea betri yake ndogo ndani. Betri ikifa, mashine inazima bila hata kukohoa. Mwambieni sista aandike kwenye kitabu cha kukabidhiana zamu na aitwe fundi wa vifaa tiba. Leo ni huyo baba, kesho umeme utakatika wenyewe saa tisa usiku na wote mmelala.

Chama_Cha_Wapole

Kwani mleta uzi wewe umeajiriwa na TANESCO? Ungechomoa chaja ukarudisha plagi, sekunde mbili, uzi usingekuwepo.

Nyigu_Mkali

Nilirudisha! Ndiyo nikajibiwa "niko asilimia mbili"! Soma vizuri!

Shangazi_Tandale

Mwanangu, pole, lakini huyo wako ana afadhali. Mimi nishikieni yule anayezungusha kigurudumu cha dripu. Mnamjua naye. "Inachelewa hii," anafungua mpaka mwisho.

Sista hakuchelewesha, kahesabu. Seti ya dripu ya watoto ni matone 60 kwa ml 1, ya wakubwa nyingi ni matone 20. Kwa ile ya watoto, matone kwa dakika ndiyo ml kwa saa, hesabu inajipa yenyewe. Mtoto wa kilo 10 akiandikiwa ml 40 kwa saa, ni matone 40 kwa dakika, basi. Wewe ukifungua, maji ya siku nzima yanamwingia mtoto katika muda mfupi, macho yanavimba, pumzi inabana, halafu unasema hospitali imemharibia mtoto.

Kazi ya mzazi kwenye dripu ni macho tu. Damu ikirudi kwenye mpira, ita sista. Mkono ukivimba juu ya sindano au ukawa wa baridi, ita sista. Chupa ikikaribia kuisha, ita sista. Kigurudumu siyo chako.

Kandambili_Moja

Na wanaoanika nepi kwenye stendi ya dripu je?

Shangazi_Tandale

Hao wakafungwe.

Lishe_Kwanza

Hamjakutana na bibi wa kona ya utapiamlo nyinyi. Mtoto yuko kwenye F-75, yale maziwa maalumu ya kuanzia matibabu ya utapiamlo, kila masaa matatu, kwa kikombe. Bibi anaona maziwa mepesi, anangoja sista ageuke, anachomoa hotpoti chini ya kitanda: ugali na mchuzi wa samaki.

Ule wepesi ni makusudi. Mwili wa mtoto aliyedhoofu vile haubebi chakula kizito siku za mwanzo, moyo na figo vinaelemewa, kuhara kunarudi. Kipimo kinafuata uzito, ml 130 kwa kilo kwa siku kama hajavimba sana. Mtoto wa kilo 6 ni ml 780, gawa kwa milo 8, karibu ml 100 kila mlo. Sasa akishashindiliwa ugali, kikombe kinamshinda. Sista anaandika "amekataa maziwa". Milo miwili mfululizo bila kumaliza walau asilimia 80, anawekewa mrija wa pua. Na anayelia kwa sauti kuliko wote mrija ukiingia? Bibi!

Nyigu_Mkali

Asilimia 80 ya maziwa sawa, lakini turudi kwenye asilimia MBILI ya simu.

Mdigo_Halisi

Tumekuelewa dada, pumua.

Mimi na wachanganya ORS, ile dawa ya unga ya chumvi na sukari ya mtoto anayeharisha, kwenye chupa ya soda. Pakiti nyingi ni za lita 1 ya maji safi. Chupa yako ya soda ni nusu lita. Umemnywesha mtoto chumvi mara mbili, anazidi kuharibikiwa. Akitapika usitupe, ngoja dakika 10, endelea kijiko kimoja kimoja, taratibu.

Baba_Benchi

Naona wababa tunasemwa tu kwa chaja. Mzazi mmoja kwa mtoto, na usiku ni akina mama. Sisi tuko benchi la nje na mbu, tunatumwa dawa isiyopo dirishani, tukirudi mlinzi anataka kadi, na kadi iko kwa mama ndani, na simu ya mama imezima. Sasa unashangaa mtu kuwa na simu mbili?

Chama_Cha_Wapole

Kumbe ndiye huyu! Wakuu, mhusika kajileta!

Baba_Benchi

Siyo mimi! Mimi nina moja, tena ya kitochi!

Msimamizi

Uzi umehamishwa kutoka Jukwaa la Afya kwenda Vituko na Vichekesho.

Nyigu_Mkali

Vichekesho?? Mtoto kasoma 83!

Mama_Pacha_wa_Bunju

Samahani kuingilia. Kuna mwenye kuiona hotpoti ya bluu, kifuniko cheupe? Imetoka chini ya kitanda alfajiri ile mikeka inakusanywa wapige deki kabla ya raundi.

Lishe_Kwanza

Muulize bibi.

Shangazi_Tandale

Hotpoti za bluu ziko kumi na tano mle. Andika jina kwa rangi ya kucha, chini, siyo kwenye kifuniko maana vifuniko vinabadilishwa. Maka peni inatoka ukiosha kwa maji ya moto.

Nyigu_Mkali

Jamani, dakika tano...

Mama_Pacha_wa_Bunju

Asante shangazi. Rangi yoyote?

Shangazi_Tandale

Yoyote. Ila ile ya kumetameta inabanduka, usiichukue. Paka mara mbili, ya kwanza ikauke.