Tupeane uzoefu: mazoezi baada ya matibabu ya saratani ya titi

Ngazi 17
Wenzangu, jana nilipanda ngazi zote 17 bila kusimama katikati, na nilipofika juu nikakumbuka kwamba miezi 8 iliyopita, wiki mbili baada ya dozi ya mwisho ya kemo, zile dawa za kuua saratani, ngazi hizo hizo nilizipanda kwa makalio, kipandio kimoja baada ya kingine, huku nikipumzika kila kipandio cha nne. Kila aliyenitembelea aliniambia nipumzike, nami nikapumzika mpaka mapumziko yenyewe yakawa ugonjwa wa pili. Kilichonitoa huko ni kutembea dakika 5 kwa siku, kisha 6, kisha 7, hata siku ambazo sikutaka kumwona mtu. Naomba tupeane uzoefu: wewe ulianzaje, na wapi palikuwa pagumu kuliko pote?

Bega la Kushoto
Umenitonesha. Kwangu shida haikuwa uchovu, ilikuwa bega. Nilitolewa titi pamoja na tezi 14 za kwapani, na wiki ya nne baada ya upasuaji zikajitokeza kamba tatu chini ya ngozi, nyembamba kama nyuzi za gitaa, zikianzia kwapani na kushuka hadi kwenye kiwiko. Nikinyoosha mkono, zilionekana kwa macho. Mionzi ya titi huhitaji mkono ulazwe juu ya kichwa na utulie hapo, ilhali wangu ulikuwa unagota usawa wa bega. Siku ya kupimwa mkao nilijaribu mara tatu, nikarudishwa nyumbani, nikalia kwenye chumba cha kubadilishia nguo nikiwa na vifungo viwili tu vilivyofungwa, kwa sababu vilivyobaki sikuviweza. Mtaalamu wa tiba ya viungo alinifundisha kutambaza vidole ukutani, nami kila asubuhi nikaweka alama ya penseli pale kidole cha kati kilipoishia. Kuna siku alama ilipanda kwa unene wa kucha, na kuna siku ilishuka. Asubuhi ya siku ya tisa nikasikia mlio mdogo kwapani, kama uzi unaokatika, nikaketi sakafuni nikiamini kwamba nimejichana kwa ndani. Nilipopata ujasiri wa kuinua tena, kidole kilipita alama ya jana kwa upana wa kiganja. Baadaye nilielezwa kwamba kamba hizo wakati mwingine hukatika zenyewe wakati wa kujinyoosha na kwa kawaida hakuna madhara, ila mtu asizivute kwa nguvu ili zikatike. Alama za penseli sijazifuta.

Saa Kumi na Moja Alfajiri
Ukutani hapo hapo, dada. Wangu ulibanduka rangi.

Mlinzi wa Mkono
Poleni nyote, lakini nawasihi msichezee mkono wa upande uliotolewa tezi. Mimi niliambiwa nisinyanyue kitu kizito maisha yangu yote, na mkono wangu haujawahi kuvimba.

Chuma Kidogo
Ndugu yangu, ushauri huo wengi wetu tulipewa, na umepitwa na wakati. Mwaka 2009 Kathryn Schmitz na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti wa wanawake 141 waliokuwa tayari na uvimbe wa limfu mkononi, yaani mkono unaojaa majimaji baada ya matibabu. Baadhi yao walinyanyua vyuma mara mbili kwa wiki kwa mwaka mzima. Mikono yao haikuvimba zaidi ya ile ya wenzao wasionyanyua, wakapata nguvu, na vipindi vya uvimbe kuchachamaa vikawa vichache kwao.

Mlinzi wa Mkono
Utafiti haujawahi kuvimba mkono. Mwenzangu wa wodini alinyanyua ndoo mbili siku moja, na mpaka leo hajavua soksi ya kubana ya mkononi.

Chuma Kidogo
Hapo ndipo tunapozungumza mambo mawili tofauti. Wale hawakurukia ndoo mbili siku ya kwanza: walianza na uzito mdogo mno, wakaongeza polepole chini ya usimamizi, na walivaa soksi ya kubana wakati wa zoezi. Mkono uliokaa mwaka mzima bila kazi ndio unaoshtuka unapokutana na ndoo. Naomba usiwatishe wageni.

Mlinzi wa Mkono
Sitishi mtu, nasema yangu.

Msindikizaji
Mimi ni mume tu. Mke wangu alikataa kila zoezi nililopendekeza, mpaka nilipoacha kupendekeza.

Dada wa Bwawani
Mkiendelea kugombana nitawaeleza yangu. Jeraha lilikuwa limepona kabisa, mionzi imekwisha, ngozi imetulia, daktari akaniruhusu kuogelea, nami nikaweka titi langu la bandia, lile jepesi la sponji, ndani ya vazi la kuogelea la zamani. Mzunguko wa kwanza nilikwenda vizuri, bega likafunguka, nikajiona nimerudi duniani. Mzunguko wa pili nikageuka chali, na nilipofika katikati nikamsikia mtoto akiita kwa sauti ya kufikisha ujumbe bwawa zima: “Mama, kuna kitu kinaelea!” Kilikuwa changu. Kilikuwa kimekwisha kunitangulia mita kadhaa, tena kwa mwendo mzuri kuliko wangu. Nilikuwa na njia mbili, kuzama au kukifuata, nikakifuata, na huo ndio umbali mrefu kuliko wote niliowahi kuogelea bila kusimama. Mtoto alinikabidhi kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

Saa Kumi na Moja Alfajiri
Nimecheka mpaka kovu limeniuma.

Bega la Kushoto
Kwa mikono miwili! Tafadhali, ulimwambia nini?

Miguu ya Ganzi
Wakati mnacheka, niongeze jambo kwa waliopata dawa za kemo zinazoharibu mishipa ya fahamu. Nyayo zangu zilikufa ganzi, nami nikapanda mashine ya kukimbilia kwa sababu nilisoma mahali kwamba Shirika la Afya Duniani hupendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Sikujua mguu umekanyaga wapi, mkanda ukanitupa nyuma, goti likachanika. Dakika si mashindano. Nilihamia baiskeli isiyotembea, ambako mguu ukipotea, kanyagio linaurudisha.

Chuma Kidogo
Mimi ningesema uendelee kutembea, uwezo wa kusimama bila kuyumba hurudi kwa kutembea.

Miguu ya Ganzi
Nitatembea wewe ukiwa umenishika mkono.

Kimya Kidogo
Saratani yangu ilihamia kwenye uti wa mgongo, kwa hiyo uzani anaousifu Chuma Kidogo siwezi kuugusa kabla daktari hajaangalia picha za mifupa. Bado nafanya mazoezi: natembea mahali pa tambarare, nanyanyuka kitini mara 10 bila kutumia mikono. Nilitaka tu na sisi tuhesabiwe humu.

Chuma Kidogo
Umehesabiwa, dada yangu, na nimekosea kuzungumza kana kwamba sote tuna mifupa ya aina moja.

Mlinzi wa Mkono
Nami niseme ukweli: bega langu halipiti usawa wa sikio. Mkono haujavimba, lakini hata kuchana nywele nachana kwa mkono mmoja. Bega la Kushoto, huo ukuta unausimamia kwa ubavu au kwa uso?

Bega la Kushoto
Kwa uso kwanza, dada, hatua moja kutoka ukutani. Kwa ubavu baadaye, maana ndiko kunakouma zaidi. Panda mpaka uhisi unavutwa, hesabu 5, ushuke kwa vidole vile vile. Usiuangushe mkono.

Dada wa Bwawani
Mliouliza: nilimwambia mtoto ahsante. Akauliza kama linaniuma nikilivua, nikamwambia hapana, akarudi kucheza. Siku hizi nimeshonea mfuko ndani ya vazi, na bado ule umbali sijaufikia tena.