Jiwe la kijani linaloliza detekta: ni shaba?

Wakuu, habari. Nje kidogo ya Arusha detekta ya metali imelia kwenye jiwe zito jeusi lenye madoa ya kijani. Nitajuaje kama ni shaba bila maabara?

Jibu: Mkuu, usiamini mlio. Malakaiti, yaani shaba ya kijani, kwa kawaida hailizi detekta. Inayolia vizuri ni shaba asilia, ile iliyo metali tupu. Mawe ya volkano ya huko Mlima Meru yana magnetaiti, madini ya chuma yanayovutwa na sumaku, na hiyo inaliza sana. Ning'iniza sumaku kwa uzi karibu na jiwe. Ikivutwa, huenda mlio umetoka hapo.

Jibu: Kijani nacho kipime. Sugua kwenye mgongo wa kigae usiong'aa: malakaiti huacha unga wa kijani hafifu, na kisu hulikwaruza. Epidoti, madini mengine ya kijani yasiyo shaba, haikwaruziki kwa kisu. Kisha saga unga kijiko kimoja cha chai, loweka kwenye siki nyeupe robo kikombe na chumvi kidogo, acha usiku kucha. Maji yakigeuka kijani au bluu, chovya msumari uliosuguliwa kwa msasa, usiwe wa mabati, maana zinki huvuruga jibu. Msumari ukivaa rangi nyekundu ya shaba, shaba ipo. Kutoa povu tu kwenye siki hakutoshi, hata mawe ya chokaa hutoa.

Jibu: Naongezea: vunja jiwe uangalie ndani, kutu ya kijani ya juu inadanganya. Na vaa barakoa unaposaga, vumbi hilo ni sumu.