Barabara ya Soni–Bumbuli–Korogwe: X mmetuchorea, lami iko wapi?

Wakuu, habari za jioni. Salamu ndefu leo sina, mnisamehe. Naandika huku natoa tope kwenye kucha, suruali iko nje kwenye kamba kwa sababu mama watoto kakataa isiingie ndani.

Saa kumi alfajiri nimetoka Bumbuli, huku milima ya Usambara mkoani Tanga, na matenga 30 ya nyanya na magunia ya karoti, safari ya Soni. Kwa asiyepajua, Soni ndipo unapoikuta lami ya Mombo–Lushoto. Ukishafika hapo umepona: unateremka Mombo, unaingia barabara kuu ya Dar–Arusha, usiku mzigo uko Ilala. Bumbuli hadi Soni ni kilomita 20 na ushee. Saa nne asubuhi bado tulikuwa kwenye kona moja, Fuso imekaa upande, tairi za nyuma zinachungulia korongo. Wanaume 12 tunakata matawi ya mikaratusi na kuyasukumia chini ya tairi. Utingo kakumbatia jiwe kubwa kama kichwa cha ng'ombe, gari likipanda hatua moja analitupia nyuma ya tairi, likiteleza jiwe linazama kwenye tope, anachimba kwa mikono, analikumbatia tena. Miaka yake haifiki ishirini huyo kijana. Kila jiwe likizama sisi wengine tunaangalia pembeni.

Nyanya za chini zimepasuka, maji mekundu yanachuruzika kwenye bodi. Hapo ndipo dalali anapiga simu: "Mzee, uko wapi? Mzigo wa Ilula kule Iringa umeshaingia, bei imeshuka." Nikamwambia niko kwenye kona. Akacheka. Anaijua kona yenyewe, ananisikia nikiitaja kila masika.

Sasa msije mkaniambia habari za mvua. Mvua ya Usambara imeanza jana? Masika yapo kila Machi tangu babu zetu, hata mtoto wa chekechea huku anajua. Shida ni jinsi wanavyoitengeneza barabara. Wiki chache zilizopita greda lilipita, watu wakapiga makofi. Greda lenyewe likakwangua moramu yote iliyokuwa imeshikamana, likaisukuma pembeni, ikaziba mitaro. Hakuna maji yaliyomwagwa, hakuna mashine ya kushindilia iliyopita nyuma yake. Mlimani maji yakikosa mtaro yatapita wapi? Yanapita barabarani, yanachonga mfereji katikati, na ukiwa na Noah lazima uchague tairi zipi zitembee ndani ya mfereji. Mimi si injinia, nimeishia darasa la saba, lakini mfereji wa shambani kwangu nauzibua kabla ya mvua, siuzibi.

Lakini hilo siyo lililonifanya nifungue uzi. Lililonichoma ni X, ile alama wanayochora kwa rangi kwenye nyumba zilizo ndani ya hifadhi ya barabara, yaani eneo la pembeni lililotengwa kwa ajili ya barabara.

Bibi yangu mzaa mama ana nyumba kando ya barabara hii. Alikuwepo hapo kabla ya Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, ile iliyosogeza hifadhi ya barabara kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kuanzia katikati. Hii yetu ni barabara ya mkoa, kwa hiyo kipimo kikatuhusu. Siku moja wakaja vijana na futi kamba na kopo la rangi, wakamchorea X ya kijani ukutani. Kijani maana yake utalipwa siku eneo likihitajika. Akaambiwa asiendeleze nyumba. Siku yenyewe lini? Hakuna aliyejua. Bibi kakaa na X yake mpaka rangi imeanza kupauka, bati limeoza, anaogopa kupandisha jipya asije akaambiwa kaendeleza. Mvua ikinyesha anatembeza ndoo chumba kizima.

Na hizo mita 30 za milimani mkizipima mtacheka wenyewe. Upande mmoja mwamba, upande wa pili unapima hewa juu ya korongo.

Basi kwenye kuchukua, sisi ni barabara ya mkoa. Kwenye kupewa? Mwaka 2017 serikali ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya gari ikapandikiza shilingi 40 kwenye kila lita ya mafuta. Mwaka 2021 ikaja shilingi 100 nyingine kwenye lita, tukaambiwa ni ya barabara za vijijini. Nikashangilia kama mjinga. Kwenye mkutano nikauliza, na hii ya kwetu? Nikajibiwa ile ni kwa ajili ya barabara za wilaya, yenu ni ya mkoa, subirini upembuzi yakinifu, yaani uchunguzi wa kuona kama mradi unawezekana. Hilo neno "upembuzi yakinifu" huku hata wauza ndizi wanalitamka bila kukwama.

Halafu fikirieni: gari linalopanda kwa gia namba moja kilomita zote hizo linakunywa mafuta kuliko linalotiririka kwenye lami. Tozo iko ndani ya lita. Maana yake kwa kila kilomita, mwenye barabara mbovu ndiye anayelipa tozo kubwa zaidi. Mwenye hesabu nyingine alete.

NAONGEZA, saa tatu usiku: Kuna mkuu hapo chini ananishauri nizungukie Korogwe. Mkuu, ni barabara hiyohiyo! Inatoka Soni, inapita Bumbuli, inateremka Dindira hadi Korogwe, kote ni kuomba Mungu. Juu lami, chini lami, sisi wa katikati ndio tope.

Mwingine anasema tulime vitu visivyooza. Sawa, chai je? Majani ya chai yakichumwa asubuhi yanatakiwa kiwandani siku hiyohiyo, yakilala barabarani yanageuka kahawia. Kabichi? Ikisuguana safari nzima unamenya nusu yake Ilala ndipo mteja aitazame. Labda tulime mawe, ya kumpa utingo.

Na yule aliyeniita mpinzani: mimi kadi ya chama chochote sina, nina matenga 30, kati ya hayo 11 nimemwaga.

Picha nitaweka mtandao ukitulia. Kwa sasa nina swali moja tu kwa wanaojua sheria: mtu mwenye X ya kijani akibadilisha bati lililooza, bila kuongeza hata tofali, hiyo inahesabika kaendeleza? Bibi ananiuliza kila jioni, na ndoo zimemwishia.