Ansible imepandisha toleo la hifadhidata ya MariaDB mchana, sikuiomba. Nimekosea wapi?

seva14:
Wakuu, habari za kazi. Nasimamia seva 14: 9 za Debian 12 na 5 za Rocky Linux. Zamani niliingia moja moja kwa SSH (njia ya kuingia seva ukiwa mbali), nikaweka programu kwa mkono. Sasa natumia Ansible, programu ya kusimamia seva nyingi kwa pamoja, na nina pleibuku (faili la maagizo yake) moja ya pakeji zote, yaani programu za kuwekwa: nginx, mariadb-server, git, rsync. Zote nimeziandikia `state: latest`, nikiamini ndio usalama wenyewe.

Juzi saa 6 mchana niliongeza htop tu (programu ya kuangalia mzigo wa seva), nikaendesha pleibuku nzima. MariaDB ikapanda toleo, ikazima na kuwaka upya watu wakiwa kazini. Tena htop yenyewe ilikataa kwenye Rocky zote 5 na kwenye Debian moja mpya: eti pakeji haipo. Naombeni msaada, sitaki kurudia kosa hili.

fundi_mitambo:
Pole sana mkuu. Kosa ni hiyo `latest`. Ukiandika `present`, Ansible inaangalia kama pakeji ipo, ikiikuta inapita. Ukiandika `latest`, inaangalia kama kwenye repo (ghala la pakeji mtandaoni) kuna mpya zaidi, na jibu hilo hubadilika wewe hujagusa mstari hata mmoja. Na usidhani kwa kuwa hukuandika amri ya kuwasha upya basi huduma itabaki kama ilivyo. Kwenye Debian, skripti zinazokuja na pakeji ya MariaDB huiwasha upya zenyewe ikishapandishwa.

Hiyo Debian mpya bado haijapakua orodha ya pakeji. Ongeza `update_cache: true` pamoja na `cache_valid_time: 3600`, ili orodha isipakuliwe tena kabla ya saa moja kupita. Kwa Rocky, htop haimo kwenye repo za msingi, imo EPEL, repo ya ziada. Tangulia na pakeji ya `epel-release`.

nyuki_data:
Naongezea. Hifadhidata mimi huifunga toleo: `mariadb-server=1:10.11*`, kisha moduli ya Ansible ya `dpkg_selections` yenye `selection: hold`, yaani pakeji izuiwe isipandishwe. Hata mwenzako akiingia na kuandika `apt upgrade`, haiguswi.

fundi_mitambo:
Ukiweka nyota mwishoni kama hivyo, sawa. Ila watu wengi huandika toleo kamili hadi tarakimu ya mwisho, na hapo ndipo wanapoumia. Repo nyingi huondoa toleo la zamani jipya likiingia. Siku unaweka seva ya 15, pleibuku inakwama kwa sababu toleo uliloliandika halipo tena. Anayetaka kufunga namna hiyo awe na repo yake ya ndani.

seva14:
Nimeelewa. Lakini nikiweka `present` kila mahali na kufunga hifadhidata, viraka vya usalama vitaingiaje?

dada_terminali:
Hilo ndilo swali lenyewe kaka, na wengi hawaliulizi mpaka wavamiwe. Gawa kazi. Pleibuku ya kwanza inasema seva iwe na nini, hiyo ni `present` tupu, unaweza kuiendesha saa yoyote. Ya pili ni ya kusasisha peke yake: inafungua hold, inapandisha, inafunga tena. Hiyo iwe na siku na saa yake, watumiaji wakijua mapema. Weka `serial: 1` iende seva moja baada ya nyingine, na ianze na ya majaribio. Usipoipangia siku, hold itakaa miaka na mashimo yatabaki wazi.

Na kabla ya yote mawili, endesha kwa `--check`. Inakuonyesha itakachobadilisha bila kugusa kitu. Juzi ungeiona MariaDB kwenye orodha hiyo ukasimama.

seva14:
Asanteni sana. Nimebadilisha zote kuwa `present`, EPEL nimeitanguliza, nikaendesha `--check`: kinachobadilika kwenye Debian ni htop tu, MariaDB haimo. Pleibuku ya kusasisha naiandika usiku huu, nitaiweka hapa muikague kabla sijaigusisha seva yoyote.