Tanzia za magazetini kwenye mti wa ukoo: ninakili kipi, niache kipi?

Mchumbageni: Habari zenu wakuu. Nakusanya nasaba ya ukoo wetu, Pangani hadi Ngamiani, mkoani Tanga. Nina vipande vya tanzia za magazeti, cha zamani kabisa ni cha 1968, pamoja na wasifu wa marehemu uliosomwa makaburini. Nikivipandisha kwenye ukurasa wa ukoo ulio wazi kwa kila mtu, nitavunja hakimiliki?

Karani: Tenganisha taarifa na maandishi. Jina, tarehe ya kufariki, kijiji alikozikwa: hivyo havina mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999 hailindi habari za siku. Inalinda uandishi, ile aya ya "alikuwa nguzo ya mtaa", na picha pia, ambayo ina mpigaji wake. Basi andika upya kwa maneno yako, taja gazeti, tarehe na ukurasa. Kipande chenyewe kiskani, ukae nacho.

Muda wa ulinzi ni uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Tanzia isiyo na jina la mwandishi huhesabiwa miaka 50 tangu ichapishwe, hadi mwaka uishe. Hiyo ya 1968, kama haina jina, ilitoka kifungoni mwisho wa 2018.

BiMakorora: Nyongeza, kaka. Wasifu wa makaburini ni wa aliyeuandika, mara nyingi mtoto au mpwa wa marehemu. Muombe kwa ujumbe wa simu, jibu lake ulihifadhi.

Ila kuandika upya kuna mtego, na ndiko miti mingi inakoharibikia. Tanzia ya mama ikisema "ameacha watoto 9", humo huenda wamo na watoto wanne wa kaka yake. Ukigeuza ikawa "alizaa watoto 9", umewapa watu wanne mama asiye wao. Neno la undugu linukuu lilivyo, ndani ya alama za mtajo. Nukuu fupi yenye chanzo inaruhusiwa. Na "jana" ya gazeti la Alhamisi si lazima iwe Jumatano, tangazo huenda lilipelekwa siku mbili kabla. Andika "kabla ya" tarehe ya gazeti.

Mchumbageni: Shukrani dada. Na majina ya watoto walio hai?

Karani: Hapo si hakimiliki tena, ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Namba za simu toa zote, hata zile za "kwa mawasiliano zaidi". Asiyekubali kutajwa, andika "binti, yu hai" basi.